Nyota Zilisahihishwa, Murdoch Akaachwa

Wapenzi wa filamu wakimaliza kutazama tamthilia iliyojengwa juu ya tukio la kweli, hawakawii kugeuka wakaguzi. Mmoja atadai kwamba ameona saa ya mkononi kwa askari wa kale, mwingine atalalamikia bunduki ambayo wakati huo ilikuwa haijaundwa, na wa tatu atakuwa amesimamisha picha ili ahesabu vifungo vya koti la jenerali. Mabishano ya namna hiyo yana raha yake na huwa sikosi kuyachangia. Hata hivyo, kadiri ninavyoyasikiliza ndivyo ninavyozidi kuona kwamba tunapekua mahali ambapo hakuna kilichoibwa. Vazi likikosewa, hakuna aliyeumia. Kinachostahili kupekuliwa ni tendo lenyewe: nani alilitenda, nani amepewa sifa yake katika filamu, na lawama iliyokuwa ya fulani imetwishwa nani.

Tuanze na Braveheart, filamu ya mwaka 1995 iliyotwaa tuzo 5 za Oscar, ikiwamo ile ya filamu bora. Tangu ilipotoka, mashabiki hawajachoka kuisema kwa ajili ya mavazi, kwa kuwa Waskoti wa mwishoni mwa karne ya 13 wanaonekana humo wakiwa na sketi za mikunjo ambazo zilianza kuvaliwa karne ya 16. Wengine huyataja mapenzi ya steringi wake, kiongozi wa Waskoti William Wallace, na binti mfalme Isabella wa Ufaransa, ambaye wakati Wallace anauawa mwaka 1305 alikuwa bado mtoto, na alikuja kuolewa na kufika Uingereza miaka 3 baadaye. Yote hayo ni kweli, tena yanachekesha. Lakini katika filamu hiyohiyo, mapigano ya Daraja la Stirling ya Septemba 1297 yanapiganwa kwenye uwanda mtupu usio na daraja lolote, hali daraja ndilo lililoamua vita. Lilikuwa jembamba, jeshi la Waingereza likawa linavuka kidogo kidogo, na Waskoti wakavumilia mpaka wakavuka wale tu ambao waliweza kuwamudu, ndipo wakawashukia. Ukiliondoa daraja umeondoa akili iliyoleta ushindi, na kilichobaki ni ujasiri na makelele. Tena ameondolewa Andrew Moray, aliyeliongoza jeshi lile bega kwa bega na Wallace na kufa kwa majeraha aliyoyapata siku hiyo. Kuhusu sketi nimesikia hoja zisizo na idadi. Wanaomkumbuka Moray ni wa kuhesabika.

Mfano ambao naurudia mara nyingi kuliko mingine yote ni Titanic ya mwaka 1997. Mwongozaji wake, James Cameron, alijulikana kwa kutoacha jambo hata dogo lipite; alishuka mwenyewe hadi kwenye mabaki ya meli chini ya bahari, na vyumba vya filamu vikajengwa kwa kufuata michoro ya meli yenyewe. Pamoja na uangalifu wote huo, mwanafizikia wa anga Neil deGrasse Tyson alimlalamikia kwamba nyota anazozitazama Rose akiwa amelala juu ya ubao, katikati ya maiti zinazoelea, hazikuwa nyota za usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 katika eneo lile la Atlantiki. Filamu iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, anga lilikuwa limebadilishwa, nyota zikawekwa mahali pake. Mashabiki walishangilia, na mpaka leo kisa hicho husimuliwa kama ushahidi wa mwongozaji anayeheshimu ukweli.

Katika filamu hiyohiyo yumo William Murdoch, afisa wa kwanza wa meli, mtu wa kweli mwenye jina lake la kweli, mzaliwa wa mji mdogo wa Dalbeattie huko Uskoti. Tunamwona akitiwa fedha mfukoni na tajiri anayetaka nafasi katika mashua ya kuokolea, na baadaye akimrudishia kwa kumtupia usoni. Watu wanasukumana, anafyatua bastola, abiria wanaanguka. Kisha anageuka, anasimama wima, anapiga saluti, anaielekeza bastola kichwani mwake na kutumbukia baharini. Ni onyesho lililoigizwa vizuri sana, na ndiyo maana limewakaa watu kichwani. Wapo manusura waliosimulia kwamba afisa fulani alijipiga risasi usiku ule, lakini kwamba afisa huyo alikuwa Murdoch halijapata kuthibitishwa, sembuse kwamba aliwaua abiria. Ndugu zake na watu wa mji wake walipinga. Mwaka 1998 makamu wa rais wa kampuni ya 20th Century Fox alisafiri mpaka Dalbeattie, akaomba radhi, na kutoa pauni 5,000 kwa ajili ya zawadi ya shule inayotolewa kwa kumbukumbu ya Murdoch.

Zipimeni hatua hizo mbili. Nyota zilirekebishwa ndani ya filamu, ambako kila mtazamaji atakayekuja ataziona zilivyo sahihi. Murdoch alirekebishiwa nje ya filamu, katika mji mdogo, mbele ya watu ambao tayari walikuwa wanajua kwamba amesingiziwa. Mtu anayeitazama Titanic leo kwa mara ya kwanza haioni hundi ile wala hamsikii aliyeomba radhi. Anamwona afisa mla rushwa aliyeua abiria. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba dawa ilikuwa rahisi. Onyesho lilihitaji afisa aliyeelemewa, halikuhitaji afisa huyo awe na jina la marehemu mwenye wajukuu wa ndugu zake. Angeitwa jina lolote, au asiitwe kabisa, na uzito wa tukio usingepungua hata chembe.

Wapo watakaosema kwamba ndiyo kazi ya ile tahadhari tunayoisoma kwenye maandishi ya mwisho, kwamba wahusika ni wa kubuni na kufanana kwao na mtu yeyote ni sadfa tu. Asili ya tahadhari hiyo inafaa ijulikane, kwa kuwa ilizaliwa na tamthilia ya kihistoria. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ilitoa Rasputin and the Empress, iliyohusu siku za mwisho za utawala wa kifalme wa Urusi, na ndani yake akawekwa binti wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Natasha, ambaye Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa na ushawishi mkubwa katika kasri la Urusi, anamvunjia heshima. Felix Yusupov, mmoja wa waliomuua Rasputin Desemba 1916, alikuwa hai uhamishoni pamoja na mkewe Irina, na kwa yeyote aliyeijua habari ile, Natasha alikuwa Irina aliyebadilishwa jina. Irina alifungua mashtaka London, na mwaka 1934 akapewa fidia ya pauni 25,000. Filamu ilikuwa imejigamba mwanzoni kwamba baadhi ya wahusika wake wangali hai, na majigambo hayo hayakuisaidia kampuni mahakamani. Tangu hapo studio zikajifunza kukana mapema.

Tahadhari hiyo, basi, iliwekwa ili kumlinda mwenye filamu, si kumwelekeza anayetazama. Tena inamlinda dhidi ya walio hai peke yao, kwa sababu kwa sheria za Uingereza na Marekani marehemu hawezi kukashifiwa. Irina aliyekuwa hai alilipwa. Murdoch aliyekufa alitegemea huruma ya kampuni. Hata pale mtazamaji anapoambiwa wazi, maneno hayo hayana nguvu tunayoidhania. Mwaka 2022, baada ya mwigizaji Judi Dench kuandika barua katika gazeti la The Times, kampuni ya Netflix iliongeza kwenye maelezo ya kionjo cha The Crown, mfululizo unaohusu familia ya kifalme ya Uingereza, kwamba huo ni mchezo wa kubuni uliotokana na matukio ya kweli, na sijamsikia shabiki hata mmoja aliyebadilisha fikra zake kuhusu mwana wa mfalme yeyote kwa sababu ya sentensi ile. Kwa upande mwingine, Fargo ya mwaka 1996 inaanza kwa kuapa kwamba ni kisa cha kweli kilichotokea Minnesota mwaka 1987, hali kisa chenyewe kimetungwa, na watu waliiamini. Picha hushinda maandishi, hilo halina ubishi.

Kuhamisha lawama ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuhamisha sifa, na hapa wazalishaji wa Marekani wamekuwa na mkono mwepesi. U-571 ya mwaka 2000 inawaonyesha wanamaji wa Marekani wakiiteka nyambizi ya Kijerumani na kujipatia mashine ya mafumbo ya Enigma. Mashine na vitabu vyake vilitwaliwa na Waingereza wa meli ya HMS Bulldog kutoka nyambizi U-110 mwezi Mei 1941, miezi kadhaa kabla Marekani haijaingia vitani. Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipoulizwa bungeni alikubali kwamba filamu ile ilikuwa dharau. Mwishoni mwa filamu kuna maandishi yanayowataja Waingereza waliofanya kazi hiyo, lakini hayo huja wakati watu wameshainuka vitini.

Kinachonishangaza zaidi kuhusu U-571 ni ubahili wa ubunifu wake, maana kisa cha kweli kilikuwa kikubwa kuliko kilichotungwa. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika bahari ya Mediterania, nyambizi U-559 ilikuwa inazama baada ya kupigwa na meli za Uingereza. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier walivuka majini mpaka kwenye chombo hicho, wakateremka ndani gizani huku maji yakiingia, wakawa wanatoa vitabu vya mafumbo na kumpokeza Tommy Brown, kijana wa miaka 16 aliyekuwa mhudumu wa kantini ya meli. Brown alinusurika. Wenzake wawili walizama na nyambizi. Vitabu vile viliwasaidia wataalamu wa mafumbo kurudi kusoma ujumbe wa nyambizi za Ujerumani baada ya miezi mingi ya giza. Mtunzi aliyepewa mtoto wa kantini anayepokea vitabu kutoka mikono ya watu wanaokaribia kufa, kisha akachagua kubuni mengine, anapaswa kutueleza alikuwa anatafuta nini.

Argo, iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 2012, ina ustadi mkubwa zaidi na kwa hiyo inahitaji jicho kali zaidi. Wamarekani 6 walioponyoka ubalozi wao ulipovamiwa mjini Tehran, Iran, walihifadhiwa na Wakanada: balozi Ken Taylor na afisa wa uhamiaji John Sheardown, waliowagawana katika nyumba zao kwa muda wa wiki kadhaa huku wakijua kwamba wakigundulika watapata taabu ileile. Katika filamu, Sheardown hayupo kabisa, Taylor ni mwenyeji mpole anayefungua mlango, na mzigo wote uko mabegani mwa Tony Mendez wa CIA. Waingereza wanatajwa kuwa waliwafukuza wakimbizi hao, ilhali ndio waliowapokea kwanza. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati wa tukio, alisema mwaka 2013 kwamba asilimia 90 ya mawazo na utekelezaji wa mpango wa kuwatorosha ilitoka kwa Wakanada. Lile onyesho la mwisho, ambamo magari yenye askari wenye bunduki yanaikimbiza ndege kwenye njia ya kurukia, halikutokea. Wasafiri walipita uwanjani bila kusumbuliwa, ndege ikachelewa kidogo kwa hitilafu, ikaruka.

Sisi tuliolelewa na kanuni ya kwamba steringi hafi tunaelewa kwa nini mambo yanafanywa hivi. Historia hufanywa na watu wengi wanaoshirikiana kwa hofu na kuchoshana, na filamu inataka mtu mmoja wa kumshika mkono. Hilo nalikubali. Nisichokikubali ni kisingizio kwamba mabadiliko ya namna hiyo hayana anayeyalipia. Hata jambo linaloonekana dogo kama hesabu ya kura lina mwenyewe. Katika Lincoln ya mwaka 2012, wawakilishi 2 wa jimbo la Connecticut wanapiga kura ya kupinga marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa. Mbunge wa jimbo hilo, Joe Courtney, alipoitazama aliingiwa na shaka, akaenda kwenye kumbukumbu za tarehe 31 Januari 1865, akakuta wawakilishi wote 4 wa Connecticut walikuwa wameunga mkono. Mwandishi wa filamu, Tony Kushner, alijibu kwamba alibadilisha kura hizo, na majina ya wapigaji, ili mtazamaji aone jinsi ushindani ulivyokuwa mkali. Matokeo halisi yalikuwa kura 119 dhidi ya 56, na theluthi mbili zilizohitajika zilipatikana kwa shida; ushindani ulikuwepo tayari, na majimbo yaliyokataa kwa kweli yalikuwepo. Ilikuwa ni kuchagua tu jimbo la kulitia doa ambalo lilistahili.

Upande wa pili wa hoja una watetezi wenye nguvu, nami nawasikiliza. Wanasema tamthilia haiwezi kubeba kila jina, na kwamba anayedai ukweli wote anadai orodha, si filamu. Ni kweli. Mfululizo wa Chernobyl wa mwaka 2019, unaohusu ajali ya mtambo wa nyuklia, una vipande 5, na mwanasayansi Ulana Khomyuk anayetembea ndani yake hakuwahi kuishi. Amekusanywa kutoka kwa wanasayansi wengi waliofanya kazi pamoja na Valery Legasov, mkemia aliyeichunguza ajali hiyo, na maandishi ya mwisho yanatamka hivyo. Hotuba nzito ya Legasov mahakamani nayo imebuniwa, kwa sababu hakuwepo kwenye kesi ile ya mwaka 1987. Mwandishi wake, Craig Mazin, alirekodi mazungumzo ya kusindikiza kila kipande, akaeleza alichokibadilisha na sababu yake. Mtu akikufungulia jikoni namna hiyo, ni vigumu kumshtaki kwa udanganyifu. Hata hivyo, nina neno moja kuhusu Anatoly Dyatlov, naibu mhandisi mkuu aliyekuwa zamu usiku wa ajali. Katika mfululizo huu ni dhalimu anayefoka kutoka mwanzo hadi mwisho. Alihukumiwa na kufungwa, na makosa yake hayafutiki. Lakini ripoti ya kimataifa ya mwaka 1992 iliupeleka uzito mkubwa wa lawama kwenye muundo wa mtambo wenyewe, na mfululizo unalijua hilo na kulieleza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: muundo wa mtambo umepewa sehemu yake ya lawama katika maneno, ila sura tunayoondoka nayo ni ya mtu mmoja mwenye hasira.

Ukitaka kuona jinsi mabadiliko yanavyoweza kufanywa bila kumwibia mtu, tazama The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, iliyotolewa mwaka 1966. Kanali Mathieu, anayeongoza makomando wa Ufaransa, ameunganishwa kutoka kwa maafisa kadhaa wa kweli. Waigizaji karibu wote ni watu wa kawaida, na filamu inatamka mwanzoni kwamba haikutumia hata kipande kimoja cha picha za habari, kwa jinsi inavyofanana nazo. Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda mjini Algiers wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria dhidi ya Ufaransa, alishiriki kuitayarisha na kuigiza ndani yake kamanda anayefanana naye mwenyewe. Kwa hesabu ya kawaida, filamu iliyolipiwa na washindi na kuigizwa na washindi ingekuwa wimbo wa kujisifu.

Sasa angalia onyesho la wanawake watatu. Wako mbele ya kioo, wanavua mashungi, mmoja anakata nywele zake, wanajipaka rangi, wanageuka kuwa wasichana wa Kizungu ili wapite kwenye vizuizi vya askari. Wanapewa mabomu, wanayaficha kwenye mifuko, wanapita huku askari wakiwatania. Mmoja anaingia kwenye mkahawa, anaketi, anausukuma mfuko kwa mguu. Kisha kamera inafanya jambo ambalo filamu ya propaganda isingethubutu: inatazama pamoja naye nyuso za walio ndani, mmoja mmoja, na mtoto mdogo anayelamba aiskrimu. Msichana anawaona. Anatazama saa. Anaondoka. Filamu hii inaamini kwamba Algeria ilikuwa na haki ya kuwa huru, wala haifichi msimamo huo, lakini haikumwondoa yule mtoto. Lawama imebaki mahali pake, kwa pande zote mbili, na mateso yaliyofanywa na askari wa Ufaransa nayo yanaonyeshwa bila pazia. Ufaransa haikuiruhusu kwa miaka kadhaa.

Nikiwa na picha hiyo ya mtoto mbele yangu ndipo The Woman King ya mwaka 2022 inaponipa taabu. Kama filamu ya mapigano ina nguvu, Viola Davis anaijaza kila fremu, na Agojie, askari wanawake wa ufalme wa Dahomey (Benin ya leo), walistahili filamu zamani sana. Inasimulia kwamba mwaka 1823 jemadari Nanisca anamshawishi Mfalme Ghezo aachane na biashara ya watumwa na kugeukia mafuta ya mawese, huku uovu wote ukiwekwa upande wa ufalme jirani wa Oyo na wanunuzi wa Kizungu. Ghezo wa kweli alitawala kuanzia 1818 hadi 1858, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo Dahomey iliuza mateka. Mkataba wa kuacha aliutia saini mwaka 1852, pwani yake ikiwa imezingirwa na meli za kivita za Uingereza, na biashara ikarejea baadaye. Hao askari wanawake tunaowashangilia walishiriki katika uvamizi uliowaleta mateka hao.

Mashabiki wenzangu wengi hukasirika jambo hili likitajwa, na hoja yao si nyepesi. Wanasema kwamba kwa vizazi kadhaa sinema imewasafisha wafalme, majenerali na wavumbuzi wa Ulaya, na hakuna aliyedai risiti. Kwa nini ukaguzi uanze siku Waafrika walipopata filamu ya gharama kubwa? Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini swali langu la mwanzo linabaki palepale: nani analipia mabadiliko haya? Si Wazungu, ambao humo wameshapewa lawama yao. Wanaolipia ni waliokamatwa, wakulima wa vijiji vya jirani waliofungwa kamba na kupelekwa bandari ya Ouidah, ambao nao walikuwa Waafrika, na ambao watesi wao wamegeuzwa kuwa wakombozi wao. Wazao wao wapo pande zote mbili za Atlantiki.

Mtu akinibana na kipimo changu mwenyewe, atanitajia Amadeus ya mwaka 1984, inayomwonyesha mtunzi wa muziki Salieri akimwonea wivu mwenzake Mozart, na hapo atakuwa amenipata pabaya, kwa sababu ni miongoni mwa filamu ninazozipenda kuliko zote. Antonio Salieri wa kweli hakuwa kapera aliyejinyima dunia. Alikuwa na mke na watoto, aliheshimika Vienna, aliwafundisha Beethoven na Schubert, na hata mwana mdogo wa Mozart alipitia mikononi mwake. Ile Misa ya Wafu iliagizwa kwa siri na kabaila aliyeitwa Walsegg, si na mpinzani mwenye wivu. Wapenzi wa filamu hii hujitetea kwamba kila kitu kinasimuliwa na mzee aliyefungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na kwamba uvumi wa kwamba alimuua Mozart ulivuma Salieri akiwa hai na kuandikiwa mchezo na Pushkin mwaka 1830. Utetezi huo unatosha kunifanya niendelee kuitazama. Hautoshi kumrudishia Salieri jina lake, na sidhani kama ipo hoja itakayotosha. Filamu inaweza kuwa kazi bora na bado ikawa imemdhulumu mtu. Sioni haja ya kuyalazimisha mambo hayo mawili yapatane.

Yote niliyoyasema yanaihesabu tamthilia kama mshtakiwa, na hiyo si haki kamili, kwa kuwa kuna nyakati ambapo filamu ndiyo iliyosema kweli wakati nyaraka zimenyamaza. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari wa Kiafrika waliokuwa wamerudi kutoka kwenye magereza ya vita ya Ujerumani na kudai malimbikizo ya malipo yao. Ousmane Sembène, aliyewahi kuwa askari wa jeshi hilohilo la kikoloni, na Thierno Faty Sow walitengeneza Camp de Thiaroye mwaka 1988. Wahusika wao wengi ni wa kubuni. Yupo Pays, askari aliyepoteza usemi baada ya kufungwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, ambaye akiiona seng'enge ya kambi anashindwa kuamini kwamba amefika Afrika, mpaka mwenzake anamtilia udongo mkononi. Usiku wa mwisho ni yeye aliye kwenye zamu, anaona vifaru vinakuja, anakimbia kuwaamsha wenzake, na wenzake wanamrudisha wakidhani ni ndoto za Ujerumani zimemwandama tena.

Pays hakuwepo, na bado hakuna anayeidai filamu kwa sababu yake, maana hakumnyang'anya mtu tendo wala kumwondolea muuaji lawama. Filamu ilishinda tuzo maalumu ya majaji Venice, na Ufaransa ilichukua miaka mingi kabla haijaiona. Serikali ya Ufaransa yenyewe ilikubali kutumia neno mauaji ya halaiki kuhusu Thiaroye mwezi Novemba 2024, katika barua ya Rais Emmanuel Macron, miaka 36 baada ya Sembène. Idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa: taarifa ya awali ya jeshi ilitaja watu 35, Rais François Hollande akataja zaidi ya 70 mwaka 2014, na wapo wanahistoria wanaosema ni mamia. Mwongozaji atakayekigusa kisa hiki tena hatakuwa na njia ya kukwepa: itambidi aamue kaburi liwe na upana gani, na safari hii tutakaomkagua tutakuwa na kitu kizito kuliko vifungo.